Maswali Yenu: Nani Anaumega Mwezi?

Wapendwa wasomaji, toleo lililopita niligusia mwezi kwa mistari miwili mitatu tu nikiwa najibu swali la nyota ya asubuhi, basi tangu hapo meseji hazijakatika, kila mtu ana lake kuhusu mwezi na mengi ni maswali mazuri kabisa ambayo watu wamekaa nayo miaka hawana wa kumuuliza. Kwa hiyo leo ukurasa mzima ni wa mwezi. Maswali nimeyafupisha kidogo, na pale watu wengi walipouliza jambo moja nimechagua barua moja nikaijibu kwa niaba ya wote.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko darasa la tano, kaja na daftari kaandika kwamba mwezi unamegeka kwa sababu kivuli cha dunia kinaufunika. Na mimi ndivyo nilivyojua siku zote, ila baba yake kabisha, anasema kivuli hakihusiki. Tumebishana mpaka chakula kikapoa. Nani yuko sahihi? – Mama wa darasa la tano

Jibu: Marahaba mama. Baba mtoto yuko sahihi, na usijisikie vibaya maana hili la kivuli liko vichwani mwa watu wengi sana, na mimi nilikuwa nalo mpaka nimekuwa mtu mzima. Aliyenitoa huko ulikuwa mpira, nitakuambia sasa hivi.

Kwanza anza na macho yako mwenyewe. Subiri siku mwezi ukiwa nusu, ile nusu ya jioni, toka nje jua linapozama. Jua liko magharibi, mwezi utaukuta juu sana angani. Sasa jiulize, kivuli cha dunia muda huo kimeelekea wapi? Kivuli siku zote kinaangukia upande usio na taa, jua likiwa magharibi basi kivuli cha dunia kimelala kuelekea mashariki, na mwezi hauko mashariki, uko huko juu, sasa kivuli kitaufikiaje? Halafu tazama ule mpaka wa mwanga na giza kwenye nusu mwezi, umenyooka kama umepigwa rula. Dunia ni mviringo, kivuli chake ni cha mviringo, na kitu cha mviringo hakiwezi kumega kingine kikaacha mstari ulionyooka.

Ukweli wenyewe ni huu. Mwezi hauna mwanga wake, ni mwamba mkubwa wenye upana wa kilomita 3,474, na rangi yake ukiuona kwa karibu ni kijivu cha kukoza, kama lami iliyochakaa, maana unarudisha kama asilimia 12 tu ya mwanga unaoupiga. Jua linaumulika nusu yake. Siku zote nusu, usiku wa giza nusu, usiku wa mbalamwezi nusu, haiongezeki haipungui. Ila mwezi unatuzunguka, kwa hiyo ile nusu yenye mwanga saa ingine imetugeukia yote, saa ingine tunaiona kwa ubavu, saa ingine imetupa mgongo kabisa. Huko kuongezeka na kupungua tunakokuona ni pembe tu ya kutazamia. Na hili ni la zamani mno, Mgiriki mmoja anaitwa Anaxagoras alishasema mwezi unaazima mwanga wa jua zaidi ya miaka 2,400 iliyopita.

Sasa mpira. Siku ambayo jua na mwezi viko angani pamoja, mfano saa 10 jioni mwezi ukiwa nusu, simama juani na mpira mdogo mweupe, nyoosha mkono kuelekea mwezi mpaka uone mpira na mwezi vimekaa ubavu kwa ubavu. Mimi nilitumia mpira wa tenisi wa mtoto, manyoya yameshakwisha, na nilipofumba jicho moja nikaona mwanga umelala kwenye ule mpira vile vile ulivyolala mwezini, upande ule ule, mpaka wa giza umekaa vile vile kabisa. Hakuna dunia iliyopita kati ya jua na mpira wangu. Jua lile lile linapiga mpira na linapiga mwezi, na mimi natazama vyote viwili kutokea upande mmoja. Nilisimama pale mpaka mkono ukaanza kuuma. Mwite mwanao na baba yake mfanye wote watatu, afu daftari litarekebishwa bila ugomvi.

Usiku mnaweza kufanya ndani pia. Zima taa zote ubaki na moja, shika mpira ukiwa umeunyanyua juu kidogo ya kichwa, kichwa chako ndo dunia. Ukiitazama taa, upande wa mpira unaouona ni giza tupu. Geuka taratibu kuelekea kushoto, unaanza kuona ukingo mwembamba wa mwanga, ukifika robo ya mzunguko ni nusu, ukiipa taa mgongo mpira unang'aa wote. Endelea kugeuka, mwanga unapungua tena mpaka urudi ulipoanzia. Huo ndo mwezi mzima mmoja umeumaliza hapo sebuleni.

Swali: Mimi kazi yangu ni ulinzi wa usiku. Kuna siku naingia zamu mwezi upo tayari, kuna siku unakuja saa 6 usiku, kuna siku nalinda mpaka alfajiri ndo unachomoza mwembamba kama ukucha. Kuna utaratibu au unajiendea tu? – Mlinzi

Jibu: Kaka mlinzi, utaratibu upo tena mzuri, na wewe ni katika watu wachache wanaouona wote kila mwezi, wengine tumelala.

Shika kitu kimoja tu: kila siku mwezi unachelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kuliko jana yake. Sababu ni kwamba wakati dunia inajizungusha, mwezi nao unasogea kuelekea mashariki, kwa siku moja unakuwa umesogea kama digrii 13, kwa hiyo dunia ikimaliza mzunguko wake inabidi ijisukume kidogo zaidi ndo iukute mwezi tena.

Ukishajua hivo, sura ya mwezi na saa yake vinakwenda pamoja, haviachani. Mwezi mchanga, ule mwembamba wa jioni, umechomoza asubuhi pamoja na jua ila hukuuona kwa sababu ya mwangaza, jua likizama unauona magharibi kwa muda mfupi nao unazama. Kama wiki moja baadaye ni robo ya kwanza, yaani ile nusu, huu unachomoza karibu saa 6 mchana na kuzama karibu saa 6 usiku, wewe unaingia zamu uko juu tayari. Wiki nyingine ikipita ni mwezi mpevu, unachomoza jua linapozama na kuzama jua linapochomoza, unakesha nao mwanzo mwisho. Kutoka hapo unaanza kuchelewa, na hizo ndo siku zako za kungoja, siku ya pili siku ya tatu giza linatangulia kwanza afu mwezi unakuja umepungua pembeni. Robo ya mwisho inachomoza karibu saa 6 usiku. Na ule ukucha wa alfajiri ni mwezi unaomalizikia, siku mbili tatu zijazo utapotea kabisa.

Kwa hiyo ukiona nusu mwezi inachomoza saa 6 usiku unajua bila kalenda kwamba mwezi mpevu umepita kama wiki moja na giza la mwezi liko mbele kama wiki moja. Na mtu akikuambia au ukisoma hadithi inasema mwezi mwembamba ulichomoza usiku wa manane, ujue hakutazama, hilo halitokei, mwezi mwembamba siku zote hauko mbali na jua.

Swali: Nimeuona mwezi saa 3 asubuhi jua likiwaka! Jirani yangu anasema ni dalili mbaya. Nimeogopa. – Mwenye hofu

Jibu: Usiogope hata kidogo dada yangu. Mwezi unakuwa angani mchana karibu kila siku, tukiacha siku chache za mwezi mpevu na zile za giza la mwezi ambapo unakuwa umejificha kwenye mwangaza wa jua. Tunaukosa kwa sababu hatuutafuti, na umefifia, unafanana na kipande cha wingu. Kama saa 3 asubuhi uliuona uko chini chini magharibi na umepungua kidogo upande mmoja, basi ulikuwa mwezi wa siku tatu nne baada ya kuwa mpevu, unaelekea kuzama kwa kuchelewa kama nilivyomwambia kaka mlinzi hapo juu. Mwambie jirani atoke kesho muda huo huo auone umekaa juu zaidi kidogo na umepungua zaidi. Kitu kinachofuata saa yake namna hiyo hakina dalili yoyote ndani yake.

Swali: Kwenye vitabu na kwenye programu ya simu yangu mwezi mchanga umesimama wima, mwanga uko kulia. Mimi nikitoka nje nauona umelala kama mtumbwi, ncha zote mbili juu. Simu yangu mbovu au mwezi wa huku ni tofauti?

Jibu: Simu nzima, mwezi ni ule ule mmoja. Hii barua imenifurahisha sana kwa sababu umeamini macho yako badala ya picha, na macho yako yamesema kweli.

Picha nyingi zimechorwa na watu wanaoishi kaskazini sana ya dunia. Wao jua na mwezi vinapita angani kwa kuinama upande wa kusini, kwa hiyo wakitazama mwezi unaokua wanaona mwanga uko kulia. Aliye kusini sana ya dunia anatazama akiwa ameelekea kaskazini, ni kama amepinduliwa miguu juu ukilinganisha na yule wa kwanza, yeye anauona mwanga kushoto. Wewe uko karibu na Ikweta, ambako jua linazama likishuka karibu wima, na mwezi mchanga unakuwa juu yake moja kwa moja. Upande wenye mwanga daima umelielekea jua, jua liko chini, basi mwanga unakaa chini na ncha zinatazama juu. Ndo mtumbwi wako huo.

Kwa hiyo ile kanuni ya kulia na kushoto iache, haikufai. Shika hii, inafanya kazi popote: mwezi unaokua una mwanga upande wake wa magharibi, mwezi unaopungua una mwanga upande wake wa mashariki. Na utagundua jambo ambalo vitabu vya kaskazini havilisemi kabisa, kwamba ile nusu ya robo ya kwanza ikichomoza mchana mwanga uko juu na ikizama usiku mwanga uko chini, yaani inaonekana imejipindua njiani, wakati muda wote upande wa magharibi ni ule ule.

Swali: Kalenda imeandika mwezi mpya leo. Nimepanda juu ya ghorofa nimetazama mpaka shingo imekakamaa, sijaona kitu. – Mtazamaji

Jibu: Hukuona kwa sababu hakuna cha kuona. Kalenda za wanaastronomia zikiandika mwezi mpya zinamaanisha ile dakika ambayo mwezi unapita upande wa jua, ile nusu yenye mwanga imetupa mgongo yote, na mwenyewe umezama ndani ya mng'ao wa jua. Kwa Kiswahili tuna maneno mawili mazuri ambayo naomba tusiyachanganye: hiyo dakika iko ndani ya giza la mwezi, na mwezi *kuandama* ni pale unapoonekana kwa macho mara ya kwanza, jioni, ukucha mwembamba magharibi. Kati ya hayo mawili mara nyingi inapita siku moja, saa ingine karibu mbili. Kwa macho matupu ni nadra mno kuuona mwezi wenye umri chini ya saa 15, hata hewa ikiwa safi. Jaribu kesho yake, nusu saa baada ya jua kuzama, tazama pale pale lilipozamia na juu yake kidogo. Na usitumie darubini kabla jua halijazama lote, jicho halina spea.

Swali: Mwezi unazunguka dunia kwa siku 27 au 29? Kila mahali nasoma namba tofauti.

Jibu: Zote mbili ni sahihi, zinapima vitu viwili. Ukiupima kwa nyota, mwezi unamaliza mzunguko kwa siku 27.3. Ukiupima kwa sura, kutoka mwezi mpevu mpaka mpevu mwingine, ni siku 29.5 kwa wastani, ukitaka kwa undani siku 29 saa 12 na dakika 44.

Tofauti inatoka wapi? Tazama saa ya ukutani ya mishale. Saa 6 kamili mishale yote miwili imelaliana pale juu kwenye namba 12. Baada ya saa moja mshale wa dakika umeshazunguka umerudi juu, lakini wa saa haupo tena, umesogea namba 1, inabidi mshale wa dakika uufukuzie dakika tano na ushee ndo walaliane tena. Mwezi na jua ni hivo hivo. Wakati mwezi unatuzunguka, dunia nayo inazunguka jua, kwa hiyo mwezi ukirudi kwenye nyota zile zile unakuta jua limeshasogea, inabidi ulifukuzie siku mbili na ushee zaidi.

Hapo ndo utaelewa pia kwa nini mwaka wa miezi 12 ya mwandamo una siku 354 au 355, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kama 11, na kwa nini Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka mpaka inapita majira yote kwa miaka kama 33. Na kuna moja naipenda kuliko zote: miaka 19 ya jua inalingana karibu kabisa na miezi 235 ya mwandamo. Maana yake ni kwamba siku unayotimiza miaka 19, na 38, na 57, mwezi unakuwa na sura ile ile au karibu sana na ile uliyokuwa nayo usiku uliozaliwa. Kamuulize mama alikumbuka mbalamwezi au giza.

Swali: Nusu mwezi inatoa nusu ya mwanga wa mwezi mpevu?

Jibu: Hapana, inatoa karibu sehemu moja ya kumi tu, hata mimi nilivyojua mara ya kwanza nilihesabu upya. Mwezi ukiwa mpevu jua linaupiga usoni, hakuna vivuli, kila kijiwe kinarudisha mwanga kwetu. Ukiwa nusu jua linatokea ubavuni, milima na mashimo na hata vumbi lenyewe vinatupiana vivuli, nuru nyingi inamezwa. Lakini hivo vivuli ndo utamu wake. Mwenye darubini, hata ile ndogo ya macho mawili, asitazame mwezi mpevu, atauona bapa kama sahani, atazame nusu mwezi pale kwenye mpaka wa mwanga na giza, ataona mashimo yana kina na vilele vya milima vimeshapata jua wakati chini yake bado usiku. Galileo, mtazama nyota wa Italia, aliviona hivo mwaka 1609 akajua mwezi una milima kama dunia.

Swali: Mwezi ukiwa mwembamba, mbona ile sehemu nyingine yenye giza naiona kwa mbali, kama kivuli cha mwezi mzima? Au macho yangu?

Jibu: Macho yako mazima tena yana subira. Huo ni mwanga wetu sisi. Jua linaipiga dunia, dunia inaurusha mwanga kwenda mwezini, mwezi unaurudisha kwenye jicho lako, yaani mwanga umekwenda na kurudi. Fikiria usiku wa huko mwezini wakati huo, juu yao kuna dunia iliyojaa, upana wake mara tatu na nusu na zaidi ya mwezi wetu tunavyouona, nyeupe ya mawingu, inamulika sana. Leonardo da Vinci, mchoraji wa Italia, alilieleza hili mwanzoni mwa miaka ya 1500, ila yeye alidhani ni maji ya bahari ndo yanang'aa, kumbe kazi kubwa inafanywa na mawingu. Itazame siku ya pili na ya tatu baada ya kuandama, baadaye ule mwanga hafifu unamezwa kadri mwezi unavyonenepa.

Swali: Kuna upande wa mwezi wenye giza milele?

Jibu: Hakuna. Kuna upande ambao hatuuoni kutoka duniani, kwa sababu mwezi unajizungusha kwa muda ule ule unaotumia kutuzunguka, lakini jua linaufikia kama kawaida, wiki mbili mchana wiki mbili usiku. Wakati sisi tuko kwenye giza la mwezi, huko nyuma ni mchana kweupe. Picha za kwanza za upande huo zilipigwa na chombo cha Wasovieti, Luna 3, Oktoba 1959, na chombo cha Wachina, Chang'e 4, kilitua huko Januari 2019.

Swali: Mimi ni mtu wa bahari. Wazee walinifundisha bamvua, yale maji makubwa, na maji mafu, yale madogo, kwa kutazama mwezi, nafuata na inakubali. Ila kwa nini bamvua inakuja mwezi ukiwa mpevu na tena ukiwa haupo? Si ilitakiwa iwe mara moja?

Jibu: Mzee wangu, shikamoo, swali hili ni la mtu anayetazama kweli. Mwezi unavuta maji, na jua nalo linavuta, nguvu ya jua kwenye maji ni kidogo kuliko nusu ya ile ya mwezi. Ila mvuto huu hauinui maji upande mmoja tu, unayatuna pande mbili za dunia, upande ulioelekea mwezi na upande wa nyuma, kwa sababu upande wa karibu unavutwa zaidi kuliko katikati ya dunia na upande wa mbali unavutwa kidogo kuliko katikati, ndo maana maji yanajaa mara mbili kwa siku. Sasa jua na mwezi vikiwa kwenye mstari mmoja, iwe viko upande mmoja kama kwenye giza la mwezi au vimetazamana kama kwenye mwezi mpevu, mituno yao inaangukia mahali pamoja, inajumlishana, ndo bamvua hiyo mara mbili kwa mwezi. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta kwa upande na mwezi kwa upande, vinapunguziana, unapata maji mafu. Na kama ulivyoona mwenyewe, bamvua kubwa mara nyingi inachelewa siku moja au mbili baada ya siku yenyewe, bahari ni nzito haiitikii papo hapo. Zile dakika 50 za mwezi kuchelewa ndo hizo hizo maji yanachelewa nazo kila siku.

Swali: Mwezi mpevu ukichomoza mbona mkubwa hivo, ukipanda unasinyaa?

Jibu: Ubongo unakudanganya, macho hayana kosa. Nyoosha mkono, fumba jicho moja, funika mwezi kwa ukucha wa kidole kidogo ukiwa unachomoza, rudia saa 5 usiku, ukucha utaufunika vile vile. Ukweli ni kwamba ukiwa pale chini uko mbali nasi kidogo zaidi.

Swali: Kama kivuli cha dunia kipo, kwa nini mwezi usipatwe kila mwezi mpevu?

Jibu: Sasa hapa ndo kivuli kinapoingia kihalali. Njia ya mwezi haiko sawasawa na njia ya dunia kulizunguka jua, imeinama digrii 5 hivi. Digrii 5 zinaonekana chache lakini ni kama miezi kumi iliyopangwa ubavu kwa ubavu, kwa hiyo mara nyingi mwezi mpevu unapita juu ya kivuli au chini yake. Unakumbuka ule mpira niliosema uunyanyue juu ya kichwa? Ushushe uwe sawa na kichwa, geuka uipe taa mgongo, kivuli cha kichwa chako kitauangukia. Inahitajika mwezi uwe mpevu na wakati huo huo uwe unakatiza pale njia mbili zinapokutana, na nafasi hiyo inapatikana kama mara mbili kwa mwaka.

Tarehe 7 Septemba 2025 ilitokea, mwezi ulikaa ndani ya kivuli chote kwa zaidi ya dakika 80. Waliotazama waliona tofauti na sura za kila mwezi: kivuli kiliingia taratibu kwa saa moja, ukingo wake umepinda kama kipande cha duara kubwa, afu mwezi ukageuka mwekundu wa shaba, maana mwanga pekee unaofika pale ni ule uliopenya pembeni kwenye hewa ya dunia, wa macheo yote na machweo yote kwa pamoja. Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki wa kale, alitumia huo ukingo uliopinda kusema dunia ni mviringo. Kwa hiyo mama wa darasa la tano, mwanao akiulizwa kivuli cha dunia kinafanya nini, anacho cha kujibu.

Swali: Nina miaka tisa. Nikienda mwezini nitaiona dunia ikimegeka pia?

Jibu: Ndiyo mwanangu, na itakuwa kinyume chetu. Sisi tukiwa na mwezi mpevu, wewe huko utaona dunia haipo, giza. Sisi tukiwa kwenye giza la mwezi, wewe utaiona dunia imejaa yote, ya bluu na nyeupe. Tukiona ukucha mwembamba wewe utaona dunia imekaribia kujaa, imepungua ukingo tu. Na kitu cha ajabu, haitachomoza wala kuzama. Ukisimama mahali pamoja kwenye upande unaotuelekea, dunia itakaa pale pale juu yako, ikitikisika kidogo tu, ikijaa na kupungua kwa siku 29 na nusu, na ukiitazama kwa saa chache utaona mabara yanapita moja moja, maana yenyewe inazunguka.